Diploma ya Mwuguzi na Kitanda cha Mgonjwa

Kila mwaka, majina ya waliofaulu yanapotangazwa, njia ile itokayo Sake kwenda Minova kandokando ya Ziwa Kivu hubadilika sura. Vijana waliofaulu hunyunyiziwa poda nyeupe kichwani hata mabegani, wenzao huimba, pikipiki hupiga honi, na akina mama huweka chini vikapu vyao vya maharagwe ili wamkumbatie mtoto wa jirani. Hapo Kirotshe tumepata kuwaona hata wazee wenye haya wakipiga makofi. Tena shangwe huzidi ikiwa aliyefaulu ametoka katika shule ya uuguzi, kwani watu husema: "Sasa nasi tumepata muganga wetu."

Neno hilo la "muganga" lataka kufikiriwa kidogo. Katika miji mikubwa muganga ni daktari. Huku kwetu, katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, muganga mara nyingi ni mwuguzi. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519, na Kivu ya Kaskazini ina 34. Kirotshe ni mojawapo, nayo ina hospitali yake kuu. Daktari yuko hospitalini. Lakini katika vituo vya afya vilivyotawanyika vilimani, mkuu wa kituo ni mwuguzi, yule watu wamwitaye IT. Yeye ndiye apimaye, ndiye aandikaye dawa, ndiye awapokeaye wanawake wenye uchungu usiku huku taa imeshikwa na shangazi wa mzazi. Yeye ndiye aamuaye kama mama huyu aweza kungoja kukuche, au kama yapasa achukuliwe kwa kipoyi sasa hivi, mvua ikinyesha, hata penye njia ya gari. Katika nchi nyingine mtu mwenye cheti kama chake angefanya kazi chini ya macho ya daktari. Huku hana macho mengine ila yake.

Kwa sababu hiyo, tusemapo juu ya mitihani ya wauguzi hatusemi habari ya karatasi tu.

Wazazi wengi hutujia sisi walimu kabla ya kumpeleka mtoto shuleni, nao huuliza jambo moja: "Mwalimu, shule ile hufaulisha wangapi kwa mia?" Swali hilo ni la haki. Mtu aliyeuza mtamba wake, au aliyeweka akiba ya fedha za maziwa na jibini muda wa miaka, ana haki ya kujua kama mali yake haikupotea bure. Lakini tumekuja kuona ya kwamba hesabu hiyo ya kwa mia, ikisimama peke yake, yaweza kumdanganya mzazi kabisa. Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mwerevu, mtoto wa nne wa mama mjane. Sisi tulimfundisha hesabu na Kifaransa, wala hatukumbuki kazi aliyoileta ikiwa na kosa la uvivu. Akaenda katika shule moja ya uuguzi, ambayo hatutaitaja, na huko darasani alikuwa wa pili au wa tatu siku zote. Mwaka wa mwisho akaanguka. Siku moja jioni akaja nyumbani kwetu, akasema, "Jambo, Mwalimu," akaketi, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, katika maandishi nilipata. Nimeanguka mbele ya mgonjwa."

Alituelezea. Palikuwa na mwanamke aliyetapika na kuhara mpaka akakauka, naye binti akaamriwa amtie serumu: mililita 500 katika saa 4, mpira wake ukitoa matone 20 kwa mililita moja. Hesabu yenyewe aliifanya upesi kuliko sisi. Mililita 500 mara 20 ni matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Basi ni matone 42 hivi kwa dakika, yaani 10 au 11 katika robo ya dakika. Akaiandika vizuri. Lakini alipoambiwa aipime kwa mkono, akashika kile kigurudumu kidogo cha kubanea mpira kana kwamba ni mnyama amwumaye. Maji yakaenda mbio, kisha yakasimama, kisha yakaenda mbio tena. Mtahini akaandika neno katika daftari lake, na binti akajua ya kuwa yamekwisha.

Tukamwuliza: "Mwanangu, katika staji uliitia serumu mara ngapi?"

Akajibu: "Niliona tu, Mwalimu. Tulikuwa zaidi ya ishirini kwenye kitanda kimoja. Waliosimama mbele walifanya. Sisi wa nyuma tuliandika."

Maneno hayo hayajatutoka moyoni hata leo.

Kwa ajili ya wasomaji wasiozijua njia za masomo haya, tueleze kwa ufupi. Mwuguzi wa A2 husoma katika Instituti ya Ufundi wa Tiba, iliyo chini ya Wizara ya Afya, baada ya miaka ya kwanza ya sekondari. Mwuguzi wa A1 hupata kwanza diploma ya Serikali, ndipo huingia katika taasisi ya juu, kama zile ISTM za Goma na Bukavu, zilizo chini ya wizara ya masomo ya juu. Na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 taasisi hizo zafuata taratibu mpya iitwayo LMD. Kwa wale wa A2, mwisho wa masomo kuna juri ya taifa: sehemu moja ni ya maandishi, sehemu nyingine ni ya matendo. Aliyefaulu hupata diploma, kisha hujiandikisha katika Oda ya Wauguzi, iliyoundwa kwa sheria nambari 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Oda hiyo yahusu heshima na nidhamu ya kazi. Lakini kwetu mlango wenyewe wa kazi ni ule mtihani wa mwisho wa shule.

Je, mtihani waweza kweli kumpima mwuguzi? Watu waligombana juu ya swali hili kabla babu zetu hawajazaliwa. Bibi Florence Nightingale, aliyefungua shule yake ya wauguzi mjini London mwaka 1860, alikataa katakata mpango wa kuwaandika wauguzi katika daftari la Serikali baada ya mtihani mmoja. Alisema kwamba mtihani hupima kumbukumbu, lakini haupimi tabia: hauwezi kuonyesha kama mtu ataamka saa tisa ya usiku kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Mwingereza mwenziwe, Bibi Ethel Bedford Fenwick, aliyeanzisha chama cha wauguzi mwaka 1887, alijibu kwamba pasipo mtihani na daftari kila mtu aweza kuvaa nguo nyeupe na kujiita mwuguzi, na mgonjwa hana namna ya kujilinda. Huyu wa pili ndiye aliyeshinda. New Zealand ilitangulia kwa sheria ya mwaka 1901, na Uingereza ikafuata mwaka 1919. Sisi twaona ya kuwa Bibi Fenwick alikuwa na haki. Walakini yule wa kwanza naye hakusema upuzi, nasi tungefanya vibaya kumsahau.

Kongo nayo ilikuwa na mtihani wake, ambao haukuandikwa katika karatasi yo yote. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipopata uhuru, madaktari Wakongo wenye shahada kamili walikuwa karibu hakuna. Waliokuwapo ni wauguzi, na wale wasaidizi wa madaktari waliofundishwa katika shule za Serikali na za misioni, kama ile ya Kisantu, kazi ya FOMULAC, shirika la Chuo Kikuu cha Louvain lililoanzishwa mwaka 1926 na ambalo baadaye lilijenga hospitali Katana, ng'ambo ya kusini ya ziwa letu. Madaktari Wabelgiji wengi walipoondoka kwa ghafula, watu hao ndio waliobaki na wagonjwa. Wengine kati ya wale wasaidizi walipelekwa Ufaransa wakamalize udaktari. Wale waliobaki vitandani walifanya kazi iliyozidi vyeti vyao, na walioweza kuifanya ni wale ambao mikono yao ilikuwa imezoea. Wazee wetu wakisimulia habari za miaka ile, hawasemi fulani alikuwa na alama ngapi.

Sasa tutazame kwa majirani, kwani tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vijana wetu wameanza kuuliza kama diploma yao itafaa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Huko kumaliza shule hakutoshi. Nchini Kenya kuna Baraza la Wauguzi, na mwanafunzi aliyemaliza hufanya mtihani wa Baraza kabla ya kupewa leseni. Tanzania nayo ina Baraza lake la Wauguzi na Wakunga, lililowekwa upya kwa sheria ya mwaka 2010, pamoja na mtihani wa leseni. Rwanda, ambayo twaiona kwa macho tukisimama Goma, iliunda Baraza lake mwaka 2008. Na kabla ya hapo, mwaka 2007, ilikwisha anza kuyafunga masomo ya A2 na kuwapandisha wauguzi wake daraja hata A1.

Jambo la mitihani hiyo lililotupendeza sana ni kwamba anayefundisha siye anayepima. Mwalimu aliyemfundisha mtoto miaka minne, aliyepokea minervali kwa wazazi wake na kuwajua kwa majina, huona taabu kumwangusha. Twalisema jambo hili kwa kuwa sisi wenyewe ni walimu; tumewahi kuongeza alama moja ambayo haikustahili, kwa huruma. Katika somo la historia, alama moja ya huruma haimwui mtu.

Lakini mtihani wa Baraza, nao, una hila zake. Huko Marekani mtihani wa leseni huitwa NCLEX. Tangu mwaka 1994 hufanywa kwa kompyuta ambayo huchagua swali linalofuata kwa kadiri ya jibu lililotangulia: ukijibu vema, laja gumu zaidi; ukikosa, laja jepesi. Mwaka 2022, katika wale waliosomea humo nchini na kujaribu mara ya kwanza, walifaulu karibu 80 kwa 100. Waliosomea nchi za nje walikuwa nusu hivi. Mwezi wa Aprili 2023 mtihani uligeuzwa, ukawekwa maswali mengi yanayofuata habari ya mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: umeona nini, wahofia nini, utafanya nini kwanza. Na mwaka huo waliofaulu miongoni mwa hao wa kwanza wakapanda, wakapita 88 kwa 100. Je, wauguzi walikuwa wema zaidi ghafula katika mwaka mmoja? Hatudhani. Kipimo kilibadilika. Tena katika majimbo mengi ya nchi ile, shule ambayo wanafunzi wake huanguka kupita kiasi hupewa onyo na hata kufungwa. Na matokeo yake ni kwamba shule nyingine huwazuia wanafunzi dhaifu wasifike kwenye mtihani, ili hesabu yao ya kwa mia ing'ae.

Mzazi wa Kirotshe na ayasome hayo mara mbili. Shule yaweza kutangaza kwamba imefaulisha wote, kumbe wale waliokuwa wazito waliambiwa mwezi mmoja kabla warudi nyumbani. Na shule nyingine, iliyowapokea wana wa maskini na kuwafundisha kwa uvumilivu, ikaonekana duni kwa sababu watatu wameanguka.

Basi aulize nini? Sisi twamwambia mzazi aende mwenyewe, siku ya kazi, wala si siku ya sikukuu. Aulize wanafunzi wangapi husimama kwenye kitanda kimoja wakati wa staji. Aulize hospitali ya staji hupokea wagonjwa wangapi, na kama wanafunzi hukesha usiku, kwani watoto wengi hawangoji mchana ili wazaliwe. Aombe aonyeshwe daftari la staji la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: amezalisha mara ngapi kwa mikono yake, na ni nani aliyetia sahihi. Atazame vipimo vya presha: ni vingapi, na vyafanya kazi? Shule njema haitakasirika kwa maswali hayo. Tulimpeleka baba mmoja namna hii, mtu asiyejua kusoma, naye alirudi na habari nyingi kuliko tulizozipata sisi kwa barua tatu.

Hatuna haki ya kusema hayo yote tukanyamaza juu ya vita. Tangu mwanzo wa mwaka 2024 mapigano yaliikaribia Sake, na watu wa Masisi kwa maelfu walikimbilia kambi za Bulengo na Lushagala. Mwezi wa Januari 2025 vita vikafika Minova, Sake na Goma yenyewe. Mwanafunzi aliyelala chini ya turubai na wadogo zake hana meza wala taa. Hospitali iliyojaa majeruhi yaweza kuonekana kuwa shule kubwa, na kwa kidonda cha risasi ndivyo ilivyo; lakini mwuguzi mkuu mwenye majeruhi arobaini hana nafasi ya kusimama nyuma ya mwanafunzi na kumwambia, "Pole pole, geuza tena." Saa za staji zikapotea, na hakuna mtihani uwezao kuzirudisha. Hapo watahini wana shida kubwa: wakilegeza kipimo kwa huruma ya vita, watampeleka kituoni mtu asiye tayari; wakikikaza, watawaadhibu watoto kwa kosa la watu wazima. Kwa maoni yetu kipimo kisilegezwe, bali mwanafunzi aongezewe miezi ya staji bila kudaiwa fedha mpya. Twajua kwamba fedha hizo lazima zitoke mahali. Hata hivyo twaona afadhali zitoke kwa wakuu wa nchi kuliko kwa yule mama mjane aliyekwisha kuuza mbuzi wake.

Kuna jambo moja tena, dogo kwa macho, ambalo diploma haiwezi kulilinda. Dawa hubadilika. Mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali hupewa artesunate kwa mshipa. Zamani alipewa miligramu 2.4 kwa kila kilo, yaani 24. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliamuru kwamba watoto walio chini ya kilo 20 wapewe miligramu 3 kwa kila kilo. Basi mtoto yule hupewa 30, ambazo ni mililita 3 ikiwa chupa ya miligramu 60 imechanganywa ifikie mililita 6. Mwuguzi aliyefaulu vizuri sana mwaka 2012, na ambaye tangu hapo hajasoma kitu, atampa mtoto dawa pungufu huku dhamiri yake ikiwa safi. Nchini Kenya mwuguzi hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza kabla leseni yake haijarefushwa. Jambo hilo Oda yetu ingefanya vema kulikaza, hata kwa wale walio mbali na barabara.

Na yule binti? Mama yake hakuwa tena na cha kuuza; mjomba ndiye aliyetoa mtamba. Akarudia mwaka. Safari hii hakungoja kupewa nafasi: alikuwa akifika hospitalini kabla ya wenziwe, akiomba kazi ambazo hakuna azitakaye, kuosha vyombo, kuwageuza wagonjwa, kuchunga serumu za usiku. Wauguzi wa zamu wakamzoea, wakawa wakimwita kwa jina. Mwisho wa mwaka akafaulu, wala si kwa alama za juu.

Tulipita kituoni kwake mwaka jana, kilimani, mvua ikiwa imetukamata njiani. Alikuwa na mgonjwa mmoja ndani. Akatukaribisha kwa mkono mmoja, "Karibu, Mwalimu, keti hapo," na mkono wa pili haukuondoka kwenye mpira wa serumu. Hakuwa na saa ya ukutani. Alikuwa amesimamisha simu yake juu ya dirisha, akiitazama, midomo yake ikihesabu pasipo sauti. Kisha akageuza kigurudumu kidogo tu, akahesabu tena, ndipo akaja kutusalimu.